Kimya Si Kimoja: Kuisemesha Kadi ya Sauti kwenye Linux na Jamaa Zake

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumiaji wa Linux na BSD, mifumo miwili ya jamii ya Unix, yamewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Slaidi zimeachwa. Amri zilizokuwa ukutani zimeandikwa ndani ya maneno yenyewe.

Wenzangu, karibuni. Mliosimama nyuma, viti vya mbele bado vipo, na havina madhara.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wahenga hawakuwahi kuweka Linux kwenye kompyuta mpakato iliyotoka kiwandani juzi. Huko kimya kingi kinaweza kuwa kimya tu, siku tatu mfululizo, na mshindo pekee ukawa wa ngumi ya mwenye kompyuta juu ya meza.

Niwaulize: kompyuta ikinyamaza, mkono wako unakimbilia wapi? Kwenye kile kialama cha spika pembeni mwa skrini, sivyo? Kikishindwa, unaingia intaneti, unanakili mistari sita iliyoandikwa mwaka 2009, unaibandika kwenye terminali ukiwa na sudo, amri ya kukupa mamlaka yote, mkononi. Nayo ikishindwa, unaweka mfumo upya. Na kuna wakati kuweka upya kunasaidia, sikatai. Lakini aliyepona hivyo hajui alichoponyeshwa, na ugonjwa ukirudi atameza dawa ileile ya kufuta diski.

Leo nina neno moja tu: kimya si kimoja. Sauti hutoka kwenye programu, ikapita kwenye seva ya sauti inayochanganya sauti za programu zote, ikashuka kwa draiva, programu inayoiongoza kadi, ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikaingia kwenye chipu, ikapita kwenye miksa, ikatokea kwenye tundu au spika. Mlango wowote ukifungwa, unachosikia ni kilekile, yaani hakuna. Ila kila mlango uliofungwa unaacha alama yake, na alama hizo zinasomeka. Kwa hiyo anzeni chini. Msianze na kialama pembeni mwa skrini. Anzeni chini, mpande.

Na chini kabisa kuna swali hili: je, kerneli inaijua kadi yako?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1989 kampuni ya Creative, ya Singapore, ilitoa kadi ya kwanza ya Sound Blaster. Kadi za kizazi hicho zilichomekwa kwenye nafasi za ISA, na nafasi ya ISA haikuwa na njia ya kadi kujitambulisha. Kadi ilikaa pale kama mgeni bubu mlangoni. Wewe ndiye uliyepanga vijampa, vile vipande vidogo vya kuunganisha pini za kadi, kwa kibano, kisha ukaiambia kerneli: anwani ni 0x220, kengele yake ni IRQ namba 5, njia yake ya DMA, ya kupitishia data, ni 1. Linux ilipewa habari hizo hivi: modprobe sb io=0x220 irq=5 dma=1 dma16=5.

Ukikosea anwani, kimya. Lakini ukikosea IRQ? Hapo kulikuwa na kioja. IRQ ndiyo kengele ambayo kadi hupiga kusema, "nimemaliza kipande hiki, leta kingine." Kadi ikipiga kengele namba 7 na kerneli inasikiliza namba 5, kipande kipya hakiji, na kadi inarudia kilekile kilichomo kwenye kumbukumbu: ka-ka-ka-ka-ka, mpaka uizime. Mtu aliyeelewa njia ya sauti alisikia kigugumizi kile, akajua hapohapo kwamba anwani ni sahihi, DMA ni sahihi, kilichobaki ni IRQ. Asiyeelewa alikwenda kununua kadi nyingine.

Leo kadi ya PCI au ya USB inajitambulisha yenyewe kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Kazi yako ni kuuliza. Kwa kadi iliyo ndani, andika lspci -nnk, utafute mstari wenye maneno Audio device au Multimedia audio controller. Chini yake panapaswa kuwa na Kernel driver in use, na kwenye kompyuta nyingi jina linalofuata ni snd_hda_intel, hata kama chipu ni ya AMD au NVIDIA. Msishtuke, jina hilo ni la kiwango cha HD Audio ambacho Intel ilikitoa mwaka 2004 na wengine wakakifuata. Kwa kadi ya USB, lsusb -t ikuonyeshe Driver=snd-usb-audio. Halafu amri iliyo bora kuliko zote kwenye mazungumzo haya, ishikeni:

cat /proc/asound/cards

Hiyo ni kerneli yenyewe inakuorodheshea kadi inazozijua. Ikisema "no soundcards", acha kugusa kitu kingine chochote. Usifungue miksa. Usiguse seva. Tatizo liko huku chini.

Na huku chini pana sura tatu. Kama kadi haimo kabisa kwenye lspci, imezimwa kwenye mipangilio ya BIOS au imekufa. Kama imo lakini haina draiva, jaribu sudo modprobe snd_hda_intel usome jibu. Likija FATAL: Module not found, mara nyingi umesasisha kerneli na hujawasha upya: kerneli unayotumia ni ya zamani, na moduli zake, yaani mafaili ya draiva, zimeshafutwa kwenye diski. Washa upya. Kwenye Ubuntu inaweza pia kuwa kifurushi cha linux-modules-extra kinachoendana na kerneli yako hakijawekwa.

Sura ya tatu ndiyo inayowatesa watu sasa. Chukueni mtu aliyenunua kompyuta mpakato mpya yenye chipu ya Intel. Ameweka Linux. Skrini safi, mtandao safi, sauti hakuna. lspci inaiona kadi, na draiva imeshikamana nayo. Lakini orodha ya kadi ni tupu. Anaambiwa draiva imeharibika. Haijaharibika! Aulize kerneli ilisema nini wakati wa kuwaka: sudo dmesg | grep -iE 'snd|sof|hda'. Atakuta mstari wa namna hii:

Direct firmware load for intel/sof/sof-tgl.ri failed with error -2

Tuusome pamoja. Ndani ya chipu kuna kichakataji kidogo cha sauti, na kichakataji hicho hakiwezi kuanza kazi mpaka draiva ikipakie programu yake, yaani femwea. Draiva imekwenda kulitafuta faili sof-tgl.ri. Na -2 ni namba ya Unix inayosema "faili halipo". Basi. Hakuna kilichoharibika, kuna faili halipo! Kwenye Debian kifurushi kinaitwa firmware-sof-signed, na tangu Debian 12 ya mwaka 2023 kiko kwenye sehemu ya non-free-firmware. Kwenye Fedora ni alsa-sof-firmware. Kwenye Arch ni sof-firmware. Weka, washa upya, umemaliza.

Mtakutana na ushauri mwingine: weka options snd_intel_dspcfg dsp_driver=1 ndani ya /etc/modprobe.d. Hiyo inailazimisha draiva ya zamani ishike kadi bila femwea. Kwenye kompyuta nyingi spika zitalia kweli. Kisha siku ya kikao cha video utagundua maiki haipo, kwa sababu maiki za dijitali za kompyuta hizo hupitia kichakataji kilekile ulichokiruka. Umepewa mdomo, umenyang'anywa sikio. Itumieni kama jaribio la kujua tatizo liko wapi, msiifanye tiba.

Sasa tupande ngazi moja. Kerneli inaijua kadi, lakini je, wewe umeruhusiwa kuigusa?

Hapa pana mtego mzuri sana. Andika cat /proc/asound/cards, kadi ipo. Andika aplay -l, unajibiwa: no soundcards found. Nani mwongo? Hakuna mwongo. Orodha ya kwanza anaisoma mtu yeyote. Amri ya pili inajaribu kufungua mafaili yaliyo kwenye /dev/snd, ikinyimwa inasema haikuona kitu. Majibu hayo mawili yakipingana, tatizo ni ruhusa. Ukitaka uhakika, ijaribu kwa sudo aplay -l. Root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, ataona kila kitu.

Basi mtu anasoma kwamba dawa ni kujiunga na kundi la audio. Anaandika sudo usermod -G audio, na jina lake. Anatoka, anaingia tena, sauti ipo. Furaha! Baada ya wiki anataka kuweka programu. Sudo inamwambia hayumo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Amekosa nini? Herufi moja. usermod -G peke yake ina maana "makundi yake ya ziada yawe haya tu". Imemtia kwenye audio na kumtoa kwenye sudo kwa pigo moja. Alitakiwa kuandika usermod -aG, na hiyo a ndiyo "ongeza". Aliyekwisha kuangukia shimo hilo ataingia kwa hali ya uokoaji, au kwa root mwenyewe, na kujirudisha.

Tena kwenye mifumo mingi ya leo kundi hilo halihitajiki hata kidogo. Andika ls -l /dev/snd. Ukiona alama ya kujumlisha mwishoni mwa ruhusa, crw-rw----+, ujue systemd-logind, msimamizi wa wanaoingia kwenye mfumo, amempa ruhusa aliyeketi mbele ya kompyuta. Thibitisha kwa getfacl /dev/snd/controlC0. Ruhusa hiyo inamfuata aliye kwenye kiti. Aliyeingia kwa SSH, yaani kutoka mbali kupitia mtandao, hayuko kwenye kiti, kwa hiyo hapewi, na huyo ndiye mwenye haja halisi ya kundi la audio. Ukimweka kila mtu kwenye kundi, watu wawili wanaobadilishana kompyuta moja wataanza kunyang'anyana kadi.

Tumefika kwenye miksa. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza Jumamosi zao.

Draiva za zamani za Linux, zile za OSS alizoziasisi Hannu Savolainen, zilifuatwa na ALSA, mradi ulioanzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998, nao ukawa njia rasmi ya sauti kwenye kerneli 2.6 iliyotoka Desemba 2003. Watu wakahamia. Na watu wakalalamika: tumeweka ALSA, draiva imepakiwa, hakuna kosa hata moja, na hakuna sauti! Mbona? Kwa sababu ALSA ilikuwa inaanza ikiwa imenyamazisha kila njia, kwa makusudi. Bora mtu afungue mwenyewe kuliko spika zipige yowe mara ya kwanza. Busara yake ipo, lakini ilizalisha maswali mengi kuliko kosa lolote la kweli. Siku hizi mifumo huweka viwango vya kuanzia yenyewe, ila tabia ile haijafa. Utaikuta kwenye kadi zisizo za kawaida, na kwenye mifumo midogo uliyojijengea mwenyewe.

Fungua alsamixer. Na hapa, tafadhali, sikilizeni: kama seva ya sauti, iwe PipeWire au PulseAudio, inafanya kazi, alsamixer itakuonyesha mstari mmoja tu, Master, ukiwa mzuri kabisa. Huo si miksa ya kadi. Ni kivuli cha seva. Bonyeza F6, uchague kadi halisi, au fungua moja kwa moja kwa alsamixer -c 0. Ndipo utaona Master, Speaker, Headphone, PCM, na nyingine. Chini ya kila mstari kuna herufi. MM ni kwamba umenyamazishwa. OO ni kwamba uko wazi. Nenda kwenye mstari kwa mshale, bonyeza M, MM inageuka OO. Mstari unaweza kuwa asilimia mia na bado uko MM. Kimo na kunyamaza ni vitu viwili. Na mkiona Auto-Mute Mode, hiyo inazima spika pale hedifoni inapochomekwa. Tundu likichakaa na kudhani lina kitu ndani, spika zinakufa bila sababu ya kuonekana. Weka Disabled, ujaribu. Ukiridhika, sudo alsactl store, na viwango vinaandikwa kwenye /var/lib/alsa/asound.state ili virudi kompyuta ikiwaka.

Kisha jaribu kadi yenyewe, bila msaidizi wa juu:

speaker-test -D plughw:PCH,0 -c 2 -t wav

Utasikia sauti ya mwanamke ikitaja kushoto na kulia. Nimeandika plughw, sikuandika hw, na tofauti si ndogo. hw ni kuongea na chipu ana kwa ana: ukiiletea sauti ya mfumo isiouweza, inakataa. speaker-test kwa kawaida hutuma njia moja tu ya sauti, na kadi nyingi hazikubali chini ya mbili, kwa hiyo ukiisahau -c 2 kwenye hw utaambiwa Channels count (1) not available, uanze kuwaza kadi imekufa. plughw inaweka mkalimani katikati.

Na PCH ni nini? Hapo ndipo ilipo hadithi ya kadi mbili.

Mtu ana kompyuta ya mezani, spika zake zimechomekwa kwenye tundu la kijani, miaka miwili bila tatizo. Anaongeza kadi ya video. Picha nzuri, sauti imetoweka. Ameharibu nini? Hajaharibu. Kadi ya video ina kadi ya sauti ndani yake, ya kupeleka sauti kwenye skrini kwa waya wa HDMI. Akiangalia /proc/asound/cards sasa anaona:

0 [NVidia]: HDA-Intel - HDA NVidia
1 [PCH]: HDA-Intel - HDA Intel PCH

Kadi yake ya zamani ilikuwa namba 0, sasa ni namba 1. Programu zote zinazoelekea namba 0 zinapeleka sauti kwenye skrini isiyo na spika. Sauti ipo, jamani! Inacheza vizuri kabisa, inacheza mahali ambapo hakuna masikio.

Namba hugawiwa kwa mpangilio ambao kadi zimejitokeza wakati wa kuwaka, kwa hiyo usizitegemee. Tegemea jina lililo ndani ya mabano. plughw:PCH,0 itabaki ileile hata kadi ikisukumwa mpaka namba 3. Hapohapo ujue kwamba HDMI mara nyingi haimo kwenye kifaa namba 0 cha kadi yake. Iko namba 3, 7, 8 na kuendelea. aplay -l inakutajia zote. Kama huna seva ya sauti, unaelekeza chaguo la kawaida kwenye /etc/asound.conf. Kama una PipeWire, usiliguse faili hilo. Tumia wpctl status, uone orodha ya matokeo, yenye nyota ndilo la kawaida, kisha wpctl set-default na namba ya lile unalolitaka. Namba hizo nazo hubadilika kila ukiwasha. Kwenye skripti tumia jina refu: pactl set-default-sink alsa_output.pci-0000_00_1f.3.analog-stereo, au lolote ambalo pactl list sinks short inakupa.

Haya, tumeingia kwenye seva yenyewe. Seva ya sauti ya nini, mtu atauliza, kama kadi inalia bila hiyo?

Zamani sauti ilikuwa faili, kwa maana halisi. Ulikuwa unaandika cat nyimbo.au > /dev/audio na kadi inalia. Kichwa cha faili kilisikika kama mlio mdogo wa "tk" mwanzoni, kwa sababu nacho kilichezwa. Raha tupu, mpaka programu ya pili ilipotaka kulia. Faili lile lilifunguliwa na mmoja tu. Wa pili aliambiwa Device or resource busy, akasubiri. Ndipo zikaja seva za kuchanganya. PulseAudio ilizaliwa mwaka 2004 kwa jina la Polypaudio, na Fedora 8 ikaiweka kuwa ya kawaida mwaka 2007. Ilitukanwa sana. Sehemu ya matusi ilistahili, na sehemu nyingine ilikuwa ya draiva ambazo makosa yake hayakuwahi kuguswa na mtu mpaka PulseAudio ilipoanza kuzitumia kwa namna mpya. Sasa wengi wenu mnatumia PipeWire ya Wim Taymans, ambayo Fedora 34 iliitanguliza mwaka 2021, na inajibu kwa lugha ya PulseAudio na ya JACK, seva ya wanamuziki, pia.

Alama ya mlango huu ni moja, hamwezi kuikosa: kwenye mipangilio panaandikwa Dummy Output. Seva iko hai, lakini haina kadi mkononi, ikajitengenezea kadi ya uongo. Kama hatua za chini zimepita, sababu ni chache. Pengine wireplumber, msimamizi anayeikabidhi PipeWire kadi, hafanyi kazi:

systemctl --user status pipewire pipewire-pulse wireplumber

Bila sudo! Seva hizi ni zako, si za root. Na mtu aliyewahi kuziendesha kwa sudo anaweza kuwa ameacha saraka ya ~/.config/pulse au ~/.local/state/wireplumber ikimilikiwa na root, na seva yake halisi ikashindwa kuandika humo. chown inarekebisha. Pengine programu nyingine imeishika kadi peke yake: fuser -v /dev/snd/* inamtaja. Faili pcmC0D0p lisomeke hivi: kadi 0, kifaa 0, p ya kucheza. Likiishia na c, ni kurekodi. Au wasifu wa kadi umewekwa Off kwenye pavucontrol, programu ya kupanga sauti, ukurasa wa mwisho, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Sasa, sauti inatoka. Lakini inakwaruza. Hilo nalo ni tatizo la kadi?

Mara nyingi si la kadi. Fikirieni pipa la maji. Programu inajaza kwa ndoo, kadi inachota kwa bomba lisilosimama: sampuli 48,000 kila sekunde, haina huruma. Pipa likikauka hata kidogo, unasikia mkwaruzo. Pipa hilo ni bafa. Ukubwa wake ukiugawa kwa 48,000 unapata muda: sampuli 1024 ni milisekunde 21 na kidogo, 256 ni milisekunde 5.3, na 64 ni milisekunde 1.3.

Kuna mtu atasoma kwamba wanamuziki hutumia 64, ataiga, akitumaini sauti itakuwa nzuri zaidi. Bafa ndogo haiongezi uzuri wa sauti hata chembe! Inapunguza tu ucheleweshaji, na anayeuhitaji ni anayepiga kinanda au kuimba akijisikiliza. Wewe unayesikiliza hotuba huku kivinjari kina kurasa arobaini, unajitafutia nini kwenye milisekunde 1.3? Endesha pw-top, uangalie safu ya ERR. Namba ikipanda kila mkwaruzo, pipa linakauka. Jaribu hapohapo, bila kuwasha upya chochote: pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024. Mkwaruzo ukikoma, umeupata. Ukiandika 0 badala ya 1024 unarudisha hali ya awali. Tiba ya kudumu ni default.clock.min-quantum = 512 ndani ya context.properties, kwenye faili lako la ~/.config/pipewire/pipewire.conf.d.

Na msikisie kadi inafanya nini, ichunguzeni. Muziki ukiwa unacheza:

cat /proc/asound/card1/pcm0p/sub0/hw_params

Inakupa format: S32_LE, channels: 2, rate: 48000, na ukubwa wa bafa halisi. Ikisema closed wakati unadhani muziki unacheza, basi sauti haijafika kwenye kadi hiyo. Umerudi kwenye hadithi ya kadi mbili.

Mlio wa "tk" kila sauti inapoanza au kuisha ni mnyama mwingine. Hiyo ni chipu inalala ili kuokoa umeme. cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save ikikupa 1, inalala baada ya sekunde moja. Weka options snd_hda_intel power_save=0 kwenye /etc/modprobe.d, ukubali kuliwa betri kidogo. Kama kinachopotea ni silabi ya kwanza ya kila ujumbe, angalia pia WirePlumber, ambayo huifunga kadi baada ya sekunde 5 za ukimya.

Watumiaji wa BSD, sijawasahau, mmetulia tu kwa sababu njia yenu ni fupi. FreeBSD: cat /dev/sndstat ndiyo /proc/asound/cards yenu. Kama hamjui draiva, kldload snd_driver inapakia zote, mnaona iliyoshika, kisha hiyo moja ndiyo mnaiandika kwenye /boot/loader.conf. Hadithi ya kadi mbili kwenu inatibiwa kwa sysctl hw.snd.default_unit=1, na ikikubali inaingia /etc/sysctl.conf. OpenBSD: sndiod ndiyo seva inayochanganya sauti, sndioctl output.mute=0 inafungua mdomo, na rcctl set sndiod flags -f rsnd/0 -F rsnd/1 inahamia kadi ya USB mkiichomeka.

Ila OpenBSD ina kimya kimoja cha aina yake. Mtu anarekodi, programu inakwenda, faili linakua, hakuna kosa lolote, na ndani ya faili mna sifuri tupu. Anabadilisha maiki. Anabadilisha waya. Sifuri tupu. Mfumo huo umezima kurekodi kwa makusudi, ili programu isikusikilize bila wewe kujua. sysctl kern.audio.record=1, maiki inaamka. Mnaona? Hata kimya cha maiki kina alama: kelele ndogo ya "shhh" ni maiki hai iliyowekwa chini; sifuri kamili ni mlango uliofungwa na programu. Kwenye Linux pia. Rekodi sekunde tano kwa arecord -D plughw:PCH,0 -f cd -d 5 jaribio.wav, kisha F4 ndani ya alsamixer inakuonyesha upande wa kurekodi. Pale tafuteni Capture, mbonyeze nafasi mpaka neno CAPTURE liwake chini ya mstari.

Muda umebaki wa maswali, na naona mikono. Aliyekuja na kompyuta iliyonyamaza ailete hapa mbele, na mficha uchi hazai, kwa hiyo terminali iwe wazi tuone wote. Tunaanza na cat /proc/asound/cards.